Kiwanja cha Ufukweni Singida: Pima Mita 60 Kabla ya Kulipa

Viwanja vinavyotazama maziwa ya Singidani na Kindai mjini Singida huvutia wanunuzi wenye nia ya kujenga nyumba ya mapumziko au ya wageni. Hata hivyo, mnunuzi anapaswa kujua kwamba bei hutajwa kwa eneo lote, ilhali sehemu inayojengeka ni ndogo.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kwa hiyo anayenunua Singida na anayenunua Bagamoyo wanabanwa na kipimo kimoja.

Tuchukue mfano. Kiwanja kina upana wa mita 20 na urefu wa mita 90 kutoka majini hadi barabarani, yaani mita za mraba 1,800. Muuzaji anataka Sh. 18,000,000, sawa na Sh. 10,000 kwa mita. Ukiondoa mita 60, zinabaki 600. Tuseme halmashauri inadai mita 5 upande wa barabara na mita 2 kila ubavu: zinabaki 400. Bei halisi ya mita inayojengeka ni Sh. 45,000. Hapo ndipo mazungumzo ya bei yaanzie.

Katika mita hizo 400, ghorofa moja juu ni nafuu kuliko kutandaza vyumba chini, kwani lazima ibaki nafasi ya shimo la maji machafu na tangi la maji ya mvua. Vyumba vya kulala na baraza vielekee ziwani. Jiko na stoo vikae barabarani. Ukanda wa mita 60 uachiwe majani na miti.

Maziwa haya ni ya chumvi na hayana mto unaoyatoa maji, hivyo mvua kubwa huyapandisha na kiangazi huyashusha. Pimia pale maji yanapofika masika, si Oktoba. Mchanga na maji ya ziwa visitumike kwenye zege, maana chumvi hula nondo.

Kabla ya kutoa hata malipo ya awali, fanya upekuzi wa hati kwa Msajili, kisha mchukue mpimaji hadi kiwanjani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya nyumba iliyowekewa alama ya X.