Fahamu: Mzazi asiyeishi na mtoto na gharama za bima ya umma Marekani

Mtoto wa familia yenye kipato kidogo Marekani hutibiwa kwa Medicaid, iliyoanzishwa 1965, au CHIP ya mwaka 1997. Serikali ndiyo inayolipa. Je, baba au mama anayeishi kwingine hadaiwi?

Anaweza kudaiwa. Amri ya matunzo ya mtoto hutakiwa kugusia pia matibabu. Kazini kwake kukiwa na bima nafuu, huagizwa kumwandikisha mtoto. Isipokuwepo, huweza kuamriwa kutoa fedha, mara nyingi zikikatwa kwenye mshahara. Kipimo cha shirikisho cha gharama nafuu ni kutozidi asilimia 5 ya mapato kabla ya makato, ingawa jimbo laweza kuweka chake. Kwa mshahara wa dola 2,000 kwa mwezi, hiyo ni dola 100.

Mama anayejiombea Medicaid hutakiwa kushirikiana katika madai hayo, ila akihofia kudhuriwa anaweza kusamehewa. Hapo sheria ina utu.

Mwenye uwezo achangie, ni haki kabisa. Lakini kumlimbikizia kibarua deni asiloweza kulilipa hakumtibu mtoto.

Ukiwa huko na kipato kimeshuka, omba mapema amri ipitiwe upya. Tangu 1986, sheria ya shirikisho hairuhusu mahakama kupunguza malimbikizo ya nyuma.