Jino la mtoto likidondoka, maziwa freshi yanaweza kuliokoa

Mpira wa shule, bodaboda iliyoteleza kwenye tope, teke la ndama au kuanguka kutoka juu ya mwembe. Kwa watoto na vijana wa wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, njia za kupoteza jino la mbele ni nyingi. Halafu damu inafutwa, mtoto anasukutua maji ya chumvi, na jino linatupwa.

Hapo kwenye kutupa ndipo kosa lilipo. Jino la ukubwani lililong'oka lote pamoja na mzizi wake linaweza kurudishwa kwenye fizi na likashika tena.

Majeraha haya si ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa yamewapata watu takribani bilioni moja, na kwa watoto wa hadi miaka 12 ni kama mmoja kati ya watano.

Dakika za mwanzo ndizo zinazoamua

Mzizi wa jino umezungukwa na nyuzi nyembamba zinazolishikilia kwenye mfupa. Jino likitoka, baadhi ya nyuzi hizo hubaki kwenye mzizi zikiwa bado hai. Zikikauka, zinakufa. Jino likikaa nje kavu kwa zaidi ya dakika 60, uwezekano wa nyuzi hizo kuwa hai ni mdogo sana.

Sasa piga hesabu ya safari. Kutoka Robanda au Machochwe hadi Mugumu, au kutoka vijiji vya milimani hadi Tarime mjini, saa moja inaweza kuisha mtu akiwa bado njiani, hasa wakati wa mvua. Ndiyo maana kazi kubwa inafanywa na aliye karibu na mtoto: mwalimu, mama, hata rafiki aliyekuwa golini.

Lishike jino sehemu ile nyeupe inayoonekana mdomoni, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi bila kulisugua. Usitumie sabuni wala spiriti. Kisha lirudishe taratibu kwenye tundu lake, upande wa mbele uangalie mbele, na mtoto aume leso safi ili lisitoke. Inatisha kidogo, lakini hiyo ndiyo hatua yenye matokeo mazuri kuliko zote.

Ukishindwa, liweke kwenye maziwa. Hapa watu wa Mara wana bahati, maana nyumba nyingi zina ng'ombe. Maziwa yana chumvichumvi zinazokaribiana na za mwilini, hivyo nyuzi zinaendelea kuishi kwa muda. Maji matupu huziharibu, ingawa bado ni afadhali kuliko kulifunga jino kavu kwenye karatasi.

Ila yawe maziwa freshi, na kama yamechemshwa yapoe kwanza. Maziwa mgando yana asidi, hayafai. Kama maziwa hakuna, mtoto atemee mate kwenye kikombe na jino likae humo.

Jino la utoto halirudishwi

Sheria hii ni ya meno ya ukubwani tu. Meno ya mbele ya juu huota mtoto akiwa na miaka saba au nane hivi. Jino la utoto likirudishwa linaweza kuumiza jino linaloota chini yake, kwa hiyo hilo liacheni, ila mtoto aonwe na daktari.

Jino likivunjika kipande, beba hicho kipande. Mara nyingi kinaweza kugandishwa tena. Na kama mtoto alipoteza fahamu au anatapika, suala la jino linasubiri. Kichwa kwanza.

Hospitalini

Piga simu mapema kuuliza kama daktari wa meno yupo zamu. Kama ni ajali ya barabarani au ugomvi, ndugu mmoja afuate PF3 polisi huku mgonjwa akiendelea kutibiwa. Hata kama saa moja imeshapita, nenda na jino. Kulirudisha husaidia kutunza mfupa, japo baadaye linaweza kuganda kwenye mfupa huo na kubaki fupi wakati mtoto anakua.

Daktari atalifunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya jirani kwa wiki mbili hivi, na ataangalia kama chanjo ya pepopunda inahitajika. Wakati huo ni uji na ugali laini. Muwa na nyama choma vikae pembeni. Mswaki laini unaendelea kutumika kila siku.

Waya kutolewa siyo mwisho wa matibabu. Kwa kijana ambaye mzizi umekomaa, mzizi huo unatakiwa kutibiwa ndani ya wiki mbili, hata kama jino haliumi. Kwa mtoto mdogo mzizi unaweza kujifufua wenyewe, kwa hiyo daktari hufuatilia kwa picha za eksirei. Jino likianza kuwa jeusi au fizi ikitoa usaha miezi kadhaa baadaye, arudishwe hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki.