Zilipendwa, na Bado Zinapendwa

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni zile nyimbo za ujana wetu zinazopigwa majumbani wakati wa sikukuu.

Huku Kibosho, kama ilivyo Uchagani kote, mwisho wa Desemba si wakati wa kawaida. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hufurika, magari huongozana kupanda mlima kutoka Moshi mjini, na nyumba iliyokuwa na wazee wawili tu mwaka mzima hujaa watoto na wajukuu. Krismasi ikiangukia siku ya Alhamisi, mfanyakazi hupata siku nne mfululizo za kukaa kihambani. Misa imekwisha, nyama imeliwa, mbege inazunguka, na hapo lazima mtu aulize: tusikilize nini?

Mabishano huanzia hapo. Vijana wanataka Bongo Fleva. Mzee wa nyumba anamtaka Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Shangazi anamtaka Marijani Rajab. Mjomba aliyesoma mjini miaka ya sabini anataka magitaa ya roki. Mwisho mzee hushinda, kwa kuwa nyumba ni yake. Na wimbo ukianza tu, watu wazima waliokuwa wakisinzia huinuka na kuimba kila neno, bila kukosea, ingawa hawajausikia kwa miaka mingi.

Je, kwa nini iwe hivyo? Wataalamu wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wamegundua kwamba mtu mzima akiombwa kusimulia maisha yake, mambo mengi anayoyakumbuka ni ya umri wa kati ya miaka kumi na thelathini hivi. Sababu haiko mbali. Huo ndio umri wa mambo ya mara ya kwanza: mshahara wa kwanza, safari ya kwanza, mchumba wa kwanza. Wimbo uliokuwa ukipigwa wakati huo hushikamana na mambo hayo. Ukiusikia tena, haurudi peke yake. Hurudi na chumba, na watu, na hata harufu ya jiko.

Lakini kwetu Tanzania kuna sababu nyingine, nayo ni ya kihistoria. Mpaka redio za watu binafsi zilipoanza mwaka 1994, sehemu kubwa ya Bara ilitegemea redio moja, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam. Aliyekuwa Kibosho, aliyekuwa Bukoba na aliyekuwa Mtwara walisikia wimbo ule ule, saa ile ile. Ndiyo maana nyumba nzima, pamoja na mkwe aliyeolewa kutoka mkoa wa mbali, inaweza kuimba kwa pamoja.

Tena nchi yetu haikuwa na viwanda vya kufyatua santuri kama Kenya. Wanamuziki wengi walikwenda Nairobi kutafuta santuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka ulifungwa mpaka mwaka 1983, na sisi wa Kilimanjaro, tulio karibu kabisa na mpaka huo, tunajua maana yake. Kwa hiyo bendi zikategemea studio za redio ya taifa. NUTA Jazz, iliyokuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978. Na bendi nyingi za mikoani, zote ziliacha sauti zao katika mikanda ya redio hiyo. Bila mikanda hiyo, leo tungekuwa na majina tu.

Hapa nawaomba wazee wenzangu tuwe na haki. Tunapowaambia vijana kwamba muziki wao ni kelele, tukumbuke kwamba na sisi tuliambiwa hivyo hivyo. Mwaka 1969 muziki wa soul kutoka Marekani ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unaharibu vijana. Vijana hao ndio mababu wa leo. Na hawakuharibika wote! Baadhi yao walichukua magitaa ya umeme wakaunda muziki wao wenyewe. Kundi la Sunburst la Dar es Salaam lilipiga roki yenye maneno ya Kiswahili na ngoma za kwetu, na mwaka 1976 lilitoa santuri ndefu iliyoitwa Ave Africa. Patrick Balisidya na Afro 70 waliiwakilisha nchi katika tamasha kubwa la sanaa la FESTAC huko Lagos mwaka 1977.

Santuri ile ya Sunburst iliadimika kwa muda mrefu. Mwaka 2016 ilitolewa upya Ulaya, pamoja na nyimbo nyingine za kundi hilo, na watu waliozaliwa baada ya kundi kuvunjika wakaanza kuisikiliza. Iliwezekana kwa sababu sauti ilikuwa imehifadhiwa mahali fulani. Hilo, ndugu msikilizaji, ndilo jambo ninalotaka tulitazame kwa makini, maana si nyimbo zote zilizobahatika.

Majumbani mwetu kuna kaseti. Ziko ndani ya makatoni juu ya kabati, au chini ya uvungu. Ni zile tulizorekodi wenyewe kutoka redioni, tukazirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri, na betri zenyewe tukazianika juani zipate nguvu kidogo. Sasa, kaseti ni nini? Ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga laini wa oksidi ya chuma, na unga huo hushikwa na gundi. Sauti imeandikwa kwa sumaku katika unga huo. Gundi ikilegea, unga hupukutika, na sauti huondoka nao. Adui zake ni joto, vumbi, sumaku na unyevu. Na huku mlimani, penye mvua nyingi na ukungu wa asubuhi, unyevu ndio adui mkubwa. Kaseti iliyoota kuvu jeupe usiitie katika redio kaseti, kwani itakatika na mashine itachafuka. Ipeleke kwa fundi aisafishe kwanza.

Tena msidhani ni muziki tu uliomo. Zamani watu walipelekeana salamu kwa kaseti. Aliyekuwa ng'ambo alitumiwa sauti ya mama yake, na kaseti ilipokuwa haba, salamu zilirekodiwa juu ya nyimbo. Si ajabu, basi, wimbo wa Morogoro Jazz kukatika katikati, ikaingia sauti ya bibi aliyekwisha kufariki akimwita mwanawe kwa Kikibosho na kumuuliza atarudi lini. Kaseti ya namna hiyo haiuzwi duka lolote, na ikipukutika hakuna maktaba yenye nakala yake.

Wakati wa sikukuu, mtu anayezijua nyimbo hizo na mtu anayejua kuzihifadhi hulala chini ya paa moja. Meku anajua nani aliimba, mwaka gani, na alicheza dansi hilo na nani. Mjukuu anajua kuhamisha sauti kutoka kaseti mpaka kwenye simu. Januari mjukuu atarudi Dar es Salaam, na meku, kwa umri wake, hana ahadi ya Desemba nyingine.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, kabla sikukuu haijaisha, teremsheni makatoni, mzikague kaseti, na nzima mziweke mahali pakavu, zikiwa zimesimamishwa, mbali na spika. Pili, kila wimbo unapopigwa, mmoja aandike jina la wimbo, bendi, na habari anayosimulia mzee. Akisimulia vizuri, mrekodini na yeye. Tatu, hamisheni sauti mapema, anzeni na zile zenye sauti za watu wa nyumbani, kwa maana nyimbo za redio huenda zikapatikana kwingine. Mkimaliza, msizitupe kaseti zenyewe, maana hata simu hupotea.

Kisha wapeni vijana zamu yao. Mzee asikilize wimbo mmoja wa mjukuu mpaka mwisho, bila kuguna. Huo ndio wimbo ambao mjukuu ataukumbuka akiwa na miaka sitini, na huenda atakumbuka pia kwamba siku ile babu alikuwapo.

Neno zilipendwa linatamkwa kama vile mapenzi yenyewe yalikwisha. La hasha! Bado zinapendwa. Kwa leo naishia hapo, ndugu msikilizaji. Nawatakia sikukuu njema, na tukijaliwa tutakutana tena juma lijalo.