Shule za Watoto Wakimbizi: Mashirika ya Kidini Yana Kazi Gani, na Mipaka Yake ni Ipi?

Mzazi anayefika Kakuma na mtoto wa umri wa kwenda shule huuliza maswali matatu: shule iko wapi, inalipiwa nini, na je, mtoto wangu atalazimishwa kufuata dini ya wenye shule? Swali la tatu huulizwa kwa sauti ya chini, lakini ndilo linalowafanya baadhi ya wazazi kuchelewa kumwandikisha mtoto. Lina jibu katika sheria.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, wakati maelfu ya wavulana kutoka Sudan walipowasili Turkana baada ya safari ndefu kwa miguu kupitia Ethiopia. Wengi hawakuwa na wazazi. Lutheran World Federation, LWF, lilikuwa miongoni mwa mashirika ya kwanza kufika, na hadi miaka ya karibuni limeendelea kusimamia shule za chekechea na za msingi kambini. Katika makazi ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa karibu mwaka 2015 ili wakimbizi na wenyeji waishi na kupata huduma pamoja, Finn Church Aid kutoka Ufini limesimamia shule za msingi. Watawa wa Don Bosco hufundisha vijana useremala, uashi, uchomeleaji, ushonaji na ufundi wa umeme. Jesuit Refugee Service, shirika la Wajesuti lililoanzishwa mwaka 1980, limejulikana Kakuma kwa vituo vya kutwa vya watoto wenye ulemavu, kundi ambalo mara nyingi husahaulika madarasa yanapojaa. Huko Dadaab, Kaunti ya Garissa, Islamic Relief nalo limeshiriki katika elimu ya msingi.

Si ajabu kwamba mashirika haya yalitangulia. Hata kabla ya kambi kuwepo, misheni na makanisa yalikuwa yamejenga shule nyingi za Turkana, na Dayosisi ya Katoliki ya Lodwar bado ni mfadhili wa shule nyingi za wenyeji. Tena waumini wako pale pale. Wafadhili wa miradi huja na kuondoka, lakini kanisa la mtaani na msikiti hubaki, na kiongozi wa dini anajua ni boma gani lina msichana aliyeacha masomo.

Sasa kuhusu mipaka. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kinasema kila mtoto, hakisemi kila mtoto Mkenya. Kifungu cha 32 kinasema mtu hawezi kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake, wala kulazimishwa kutenda jambo linalopingana na imani hiyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtambua mfadhili wa shule, inampa nafasi katika bodi ya usimamizi na kumruhusu kushauri katika mambo ya kiroho, mradi imani za wanafunzi wengine zilindwe. Kwa hiyo mtoto Mwislamu anaweza kusoma katika shule inayosimamiwa na shirika la Kilutheri bila kuacha swala zake, na mtoto Mkristo vivyo hivyo kwingineko. Mtaala ni ule ule wa Kenya, na ukaguzi wa ubora ni kazi ya Wizara ya Elimu.

Jambo linalohitaji mazungumzo zaidi ni ratiba. Familia nyingi za Kisomali humpeleka mtoto duksi kwanza, ajifunze Kurani, kisha shule. Wazazi, walimu wa duksi na walimu wakuu wanapoketi pamoja kupanga saa, mtoto hupata vyote viwili. Wasipoketi, anaingia chekechea akiwa amechelewa, na huketi na watoto wadogo kuliko yeye hadi anachoka na kuacha.

Ugumu ulio mkubwa kuliko wote ni mishahara. Shule nyingi za kambini hutegemea fedha za misaada kulipa walimu, na walimu ambao wenyewe ni wakimbizi hupokea posho ndogo kuliko mshahara wa kawaida. Misaada ya kimataifa ilipokatwa mwaka 2025, pengo hilo lilionekana wazi. Shirika la kidini linaweza kuwa na nia njema na madawati, lakini haliwezi kulipa mamia ya walimu kwa sadaka. Ndiyo maana Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na Serikali ya Kitaifa mwaka 2025, unalenga kuziingiza huduma za wakimbizi, zikiwemo shule, katika mfumo wa serikali hatua kwa hatua. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 nayo inahimiza taasisi za umma zitumiwe kwa pamoja na wenyeji na wakimbizi.

Kwa upande wa kaunti, Katiba imeipa majukumu katika elimu, yakiwemo chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Shule za msingi na za upili ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Wakaazi wanaoleta kwa maafisa wa kaunti malalamiko kuhusu shule ya msingi huishia kuelekezwa kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo, ambaye ni afisa wa Wizara.

Mzazi mkimbizi anayetaka kumwandikisha mtoto afike kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu akiwa na karatasi ya usajili wa familia, ambayo wengi kambini huiita manifesti. Asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto asikae nyumbani kukisubiri. Aende na alichonacho, aulize hatua za kukipata. Mtoto akikataliwa kwa sababu ya dini, au akilazimishwa kushiriki ibada isiyo yake, mzazi apeleke jambo hilo kwa bodi ya usimamizi ya shule, na lisipotatuliwa, kwa afisi ya elimu ya kaunti ndogo.