Wale waliofikiri uhuru wa Kongo mbele ya 1960

Kila mwaka, tarehe 30 ya mwezi wa sita, tunasikia majina mawili: Kasa-Vubu na Lumumba. Ni haki. Lakini uhuru hauanzi siku ya bendera. Mbele ya bendera walikuwako watu walioketi, wakasoma, wakabishana, wakaandika. Na katika inchi yetu wengi wao walipita seminarini, ao walifanya kazi pamoja na mapadri. Kwa hiyo habari hii inatuhusu sisi wenyewe.

Sababu yake inajulikana. Wakati wa Wabelgi, kijana mweusi aliyemaliza shule ya misioni aliweza kuwa karani, mwalimu, ao msaidizi wa munganga. Kuendelea mbele zaidi hakukuwa na njia, ila seminari kubwa. Universite ya Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 tu, na ile ya Elisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1956. Seminarini kijana alijifunza Kilatini na filozofia, tena alizoea kuuliza: neno hili latoka wapi, na lafika wapi? Leta haikuogopa seminari. Pengine ingepaswa kuiogopa kidogo.

Wa kwanza ni mtu wa upande wa Tanganyika, Padri Stefano Kaoze, aliyepewa upadri huko Baudouinville (leo Moba) mwaka 1917, mbele ya Wakongo wengine wote wa nyakati zetu. Yeye hakudai uhuru. Lakini tangu 1910, akiwa bado mwanafunzi, alianza kuchapisha kwa Kifaransa maelezo juu ya akili na roho ya Wabantu. Wazungu wengi walikuwa wakibishana kama mtu mweusi anafikiri kweli. Yeye akaeleza namna watu wake wanavyofikiri. Ni kazi ndogo kwa kurasa, lakini bila hiyo mengine yasingefuata.

Joseph Kasa-Vubu alisoma seminari ndogo ya Mbata-Kiela, kisha filozofia huko Kabwe katika Kasai. Hakuruhusiwa kuendelea mpaka upadri. Akawa mwalimu, kisha karani. Mwaka 1946, mbele ya wasomi wenzake wa Leopoldville, alisema juu ya haki ya yule aliyekaa wa kwanza katika inchi. Neno hilo liligusa mzizi. Maana tangu 1885 Leta ilikuwa imejitwalia kila udongo iliouita mtupu. Kasa-Vubu hakupiga kelele. Alifuata hoja ya sheria ya asili, kama alivyofundishwa darasani, mpaka mwisho wake.

Sasa tufike mwaka 1956. Mwalimu mmoja wa Ubelgiji, Van Bilsen, alikuwa ametoa shauri la kuipa Kongo uhuru katika miaka 30. Huko Ubelgiji wengi walikasirika, wakaona ni upesi mno. Katika Leopoldville kulikuwako gazeti dogo la wakristu, Conscience Africaine, lililoandikwa na Joseph Ileo, Joseph Ngalula na wenzao, na Padri Joseph Malula alikuwa mshauri wao. Katika numero ya mwezi wa saba walichapisha Manifesti yao. Walikubali ile miaka 30, lakini walikataa ipangwe bila wao. Walikataa pia kwamba Kongo ifungwe na Ubelgiji kwa umoja usioombwa na Wakongo. Na vyama vya siasa hawakuvitaka. Walitaka harakati moja ya taifa zima, bila kutazama kabila wala dini.

Siku zile zile, tarehe 29 ya mwezi wa sita, maaskofu wa Kongo na wa Ruanda-Urundi walitoa barua. Walisema wenyeji wana haki ya kushiriki katika uongozi wa inchi yao, na kwamba Eklezya haichagui namna ya kujitawala, mradi haki na mapendo yashikwe. Askofu mweusi wa kwanza wa nyakati hizi, Pierre Kimbondo, alipata cheo chake mwaka ule ule.

Jibu halikukawia. Mwezi wa nane chama cha Abako, chini ya Kasa-Vubu, kilikataa miaka 30 na kudai uhuru mara moja, pamoja na vyama vya siasa. Nani alikuwa na haki? Kwa maoni yetu, Abako ilisoma saa vizuri zaidi: baada ya miaka minne tu uhuru ulifika. Lakini watu wa Manifesti waliona hatari ambayo Abako, chama cha Bakongo, haikuipima sana: vyama vya kabila kwa kabila. Katanga na Kasai zililipa deni hilo kwa damu.

Lumumba hakuwa mtu wa seminari. Alikuwa karani wa posta huko Stanleyville, msemaji asiye na mfano. Mwezi wa kumi 1958 alianzisha chama cha MNC pamoja na Ileo na Ngalula hao hao. Wazo la taifa moja lilitoka katika karatasi likaingia katika masikio ya watu. Mwaka 1959 walitengana, na wazo likabaki bila nyumba moja.

Jambo moja tunalisikitikia. Manifesti ilisomwa kwa Kifaransa, na mwanakijiji hakukijua. Kwake lilifika neno tupu, «dipanda», na kila mtu akalijaza matumaini yake.

Malula akawa askofu mwaka 1959, askofu mkuu mwaka 1964, kadinali mwaka 1969. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristu, akataka vijana wa chama chake waingizwe mpaka ndani ya seminari. Kadinali alipinga. Alifukuzwa katika nyumba yake, akakaa Roma miezi kadhaa.