Majani ya mifugo na makubaliano ya ardhi Kalehe

Hapa Kalehe magomvi mengi kati ya wafugaji na wakulima huanza na jambo dogo: mbuzi au ng'ombe ameingia katika shamba la maharagwe. Kwa familia iliyokimbia, shida ni kubwa zaidi. Mbuzi ndiye akiba yake, lakini haina malisho, na kila njia inapita kando ya shamba la mtu. Wengi waliohama tena kwa mapigano ya mwanzo wa 2025 wanalijua jambo hili. Ndiyo sababu tunashauri kupanda majani, kuyakata na kumletea mnyama zizini.

Matete mnayajua. Kuna majani mengine yenye historia inayotuhusu sisi: Brachiaria ruziziensis, yaliyopewa jina la uwanda wetu wa Ruzizi. Ng'ombe huyapenda, ila hayavumilii udongo uliochoka. Ndugu zake, brizantha na decumbens, ni sugu, lakini mbegu zao hufanyika bila dume na jike kuungana. Kila mtoto ni nakala ya mama. Kwa hiyo haikuwezekana kuzichanganya, mpaka watafiti wa Ubelgiji walipoongeza maradufu kromosomu za ruziziensis. Kituo cha CIAT, nchini Colombia, kikaanza kuchanganya mwaka 1988, na mwaka 2005 kikatoa Mulato II, yenye damu ya zote tatu. Inavumilia udongo wenye asidi na ukame, nasi tuna kiangazi tangu Juni hadi Agosti. Si lazima kununua mbegu kila mara: chimba shina, ligawe, panda vipande mvua zinapoanza.

Shida iko kwingine. Majani haya hukaa shambani miaka mingi, na kwa desturi yetu mmea wa kudumu ni alama ya mwenye ardhi. Aliye na kalinzi anaweza kupanda apendacho. Aliyekodi kwa bwasa anaruhusiwa mazao ya msimu tu. Mhamiaji akipanda Mulato kwenye shamba la bwasa, hata kwa nia njema, mwenye shamba ataona ananyang'anywa. Tumeona mistari ya majani iking'olewa usiku, na kesho yake watu hawasalimiani tena.

Kwa wenye bwasa, afadhali mimea ya msimu mmoja. Matembele hulisha watu na mbuzi pia. Mtama unafaa, ila usikatwe ukiwa mchanga, kwani una sumu inayoua mnyama. Kwenye milima ya juu, kama Numbi, Mulato hukua polepole kwa sababu ya baridi. Huko nafaka za baridi kama oti, ambazo wafugaji wa milima ya Kenya hukata kwa ng'ombe, zingefaa kujaribiwa. Zikishakatwa, shamba linarudi kwa mwenyewe.

Ninyi viongozi wa wahamiaji, kabla ya kupanda majani ya kudumu, mwendeeni mwenye shamba pamoja na kapita. Andikeni karatasi kwa lugha inayoeleweka na wote: mipaka, miaka mingapi, nani atakata, na kwamba majani hayampi mpandaji haki juu ya ardhi. Mashahidi wawe wa pande zote mbili, wanawake wakiwemo, maana mara nyingi wao ndio wanaokata. Nakala moja ibaki kwa kapita.