Geji Imezimika au Inadanganya? Istilahi za Vipimio vya Injini za Boti

Neno "kipimo" limetwishwa mzigo mkubwa mno katika tafsiri za vitabu vya mitambo. Hutumika kwa kiasi kilichopimwa, kwa chombo kinachopima, na hata kwa kioo kinachoonyesha tarakimu mbele ya nahodha. Msomaji aliye ofisini huenda asione dhara yoyote. Lakini fundi wa Matema, wilayani Kyela, akiletewa karatasi isemayo "kipimo cha joto kibovu", hajui aanze kufungua wapi; na afisa ugavi akiitumia karatasi hiyo kuagizia vipuri, huenda akaletewa kioo kipya ilhali kilichoharibika kimo ndani ya injini.

Huko Bondeni, yaani katika tambarare ya Kyela ipakanayo na Ziwa Nyasa, jambo hili si la wanaisimu peke yao. Boti ziendazo Ikombe kwa wafinyanzi wa vyungu, au zinazoendelea mbele hadi Lumbila, hupita chini ya Milima ya Livingstone, ambayo mahali pengi hushuka wima hadi majini. Injini ikizimika hapo wakati wa upepo, pa kupwelea ni haba.

Katika injini za kisasa kazi ya kupima imegawanyika. Kwenye injini yenyewe kuna kifaa kidogo kinachotambua joto. Mafundi hukiita sensa, nasi twaweza kukiita kihisi. Kuna waya zinazopeleka habari. Kisha kuna kionyeshi, ambacho nahodha hukitazama. Baadhi ya watafsiri wamekiita "onyesho", lakini neno hilo lina wenyewe jukwaani: mwalimu akifundisha "hitilafu ya onyesho", wanafunzi watadhani ngoma imeharibika. Vyote kwa pamoja ni geji, neno ambalo madereva na mabaharia wamekwisha kulikubali, wala hatuoni sababu ya kulifukuza. Kipimo kibaki na maana yake: zile nyuzi 70 zinazosomwa.

Hata hivyo, tatizo kubwa haliko katika majina bali katika vitenzi. Vitabu vya viwandani hupenda nomino, na mtafsiri huzifuata, akaandika "kushindwa kwa geji". Kushindwa vipi? Kiswahili cha karakana kina vitenzi vinavyomwonyesha fundi njia.

Geji imezimika, maana yake tarakimu hazionekani kabisa: umeme haufiki. Hukaguliwa fyuzi, vichwa vya betri na waya wa ethi kabla ya kukigusa kionyeshi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6, ikiwa dhaifu, volti hushuka mno wakati wa kuwasha injini, na kionyeshi chaweza kuzimika na kuwaka tena bila ya kuwa na ubovu wowote.

Geji inapepesa: kuna kiungo kilicholegea au kilichoingia kutu, nao mtikisiko wa injini unakiunga na kukikata.

Geji haisomi: kionyeshi kinawaka, lakini mahali pa tarakimu pana vistari vitupu. Umeme upo, habari haipo. Fundi huufuata waya hadi kwenye kihisi.

Geji inadanganya: tarakimu zipo, ila si za kweli. Hali hii ni mbaya kuliko zote, kwa kuwa hakuna cha kumshtua mtumiaji; na asiye fundi huwa mwepesi wa kuisingizia geji uongo pale inaposema kweli. Injini nyingi za kufungwa nyuma ya boti zina tundu dogo litoalo mchirizi wa maji ya kupozea. Geji ikionyesha joto limezidi, na mchirizi umekatika, geji haidanganyi, injini izimwe. Mchirizi ukitoka vizuri, hiyo bado si hoja ya kuidharau geji, lakini fundi amepata pa kuanzia.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika fomu za taarifa za ubovu, nafasi ya "Maelezo" ijazwe kwa kitenzi, na sehemu inayohusika itajwe kwa jina lake. "Geji ya joto haisomi, kionyeshi kinawaka." Hayo ni maneno sita, na fundi amekwisha kujua kwamba fyuzi ni nzima.